Wiki moja ya likizo na familia nzima: kuzunguka Unguja kwa gari, kuvuka Pemba, au tenti juu ya gari kule bara?

Mwaka juzi binti yangu, wakati ule yuko darasa la sita, alinionesha kwenye simu video ya familia moja ya Marekani, baba, mama na watoto watatu wanaishi ndani ya gari wiki nzima, jiko humo, vitanda humo, choo humo, jioni wanafika kiwanja cha kupaki wanachomeka umeme, wanaunga mpira wa maji, maji machafu yanateremka kwenye shimo lake, asubuhi haooo wanaondoka. Akaniuliza, "Mama, na sisi si tufanye hivi hivi likizo?"

Nikamwambia inshallah, afu usiku nikalala naliwaza kweli. Gari kama lile hapa kwetu halina pa kulala. Hivyo viwanja vya maji na umeme hatuna, njia za kuingia vijijini matawi ya miembe yamening'inia na waya za umeme ziko chini, na Mji Mkongwe hata Noah vichochoroni haiingii. Lakini kile alichokitaka mtoto hasa sio gari, alitaka sote tuwe pamoja siku saba bila ya skuli, bila ya duka, bila ya baba kuitwa kazini. Hicho kinapatikana, na mie naona kuna njia tatu za karibu na ile ya kwenye video: kukodi gari wiki nzima mkazunguka Unguja mkilala sehemu tofauti, kuvuka Pemba mkakaa nyumba moja, au kwenda bara mkakodi gari lenye tenti juu ya paa. Zote tatu tumeshazifanya, miaka tofauti, watu saba: mie, mume wangu, watoto wanne na mama yangu mzazi ambaye goti lake la kulia lina matatizo. Naandika kwa sababu kila ikikaribia Juni naulizwa na mashoga zangu kipi bora, na jibu langu siku zote ni swali, unakwenda na nani?

Vitu ninavyopimia

Watu wengi wanaanza na pesa au na picha za pwani. Mie naanza na usiku. Mnalala wapi, mnakunja magodoro mara ngapi kwa wiki, na choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani. Choo kinaharibu safari kuliko mvua, nasema kwa kuona, mtoto wa miaka minne na bibi wa miaka 70 hawasubiri asubuhi.

Cha pili ni njia yenyewe, saa ngapi barabarani na saa ngapi baharini, na roho za watu wako zinachafuka kirahisi au la. Cha tatu jiko, maana likizo ambayo mama anapika milo mitatu juu ya jiko la gesi la mtungi mdogo kwa watu saba, hiyo ni likizo ya wengine sio yake, kwahiyo mkae mkubaliane kabla hamjatoka nani anapika lini. Cha nne pesa, na cha tano upepo. Juni na Julai ni kusi, kuna baridi kidogo, mvua za masika zimeshakwisha, lakini bahari ya wazi inakuwa nzito na upepo unapiga pwani ya mashariki mfululizo. Ukisafiri Disemba kwenye kaskazi hesabu inabadilika, hapa nazungumzia likizo ya katikati ya mwaka.

1. Gari la kukodi, kuzunguka Unguja

Usiku na choo. Uzuri wake mnalala ndani ya kuta, kwenye nyumba za kupanga kwa siku au vyumba vidogo vya kijijini, choo ndani, maji yapo. Ubaya ni kuhamahama. Mara ya kwanza nilipanga sehemu tano kwa usiku sita, tukawa kila asubuhi tunatafuta kiatu kimoja cha mtoto chini ya kitanda cha watu huku dereva anasubiri nje. Sasa nasema sehemu tatu basi, mwisho. Sisi tunafanya usiku mbili Nungwi au Kendwa, usiku mbili Jambiani, usiku mbili Kizimkazi, siku ya saba nyumbani. Na ukitaka kulala tenti ufukweni, usijipigie tu, pitia kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa wa pale, na uzungumze nae kwa heshima, pwani nyingi zina wenyewe hata kama hukuona ukuta.

Njia. Kisiwa ni kama kilomita 85 kwa urefu, kutoka mjini mpaka Nungwi ni 60 hivi, hakuna mtoto wa kuchoka hapo. Mnasimama Mangapwani kwenye pango, siku nyengine mnapita msitu wa Jozani kuwaona kima punju, ambao asili yao duniani ni hapa Unguja tu, na watoto wanawaona karibu kabisa wakila majani bila ya kujali watu. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, wanangu wakubwa walikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea, yule wa kiume akawa anajaribu kuyasoma yale maandishi ya Kiarabu kwa kidole hewani.

Hapa lazima niseme kuhusu maji, maana ndio kitu kinachowavunja moyo watu wa mjini wanaokwenda mashariki bila kuuliza. Pwani ya Jambiani, Paje, Bwejuu maji yanatoka mbali mno, yani unaweza kuamka ukaona bahari ni mstari tu kule kwenye mwamba. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji kwetu yanakupwa saa 4 au 5 asubuhi na yanajaa alasiri kwenye saa 10 au 11. Kwahiyo wiki ya bamvua watoto wataoga jioni, asubuhi ni ya kutembea kwenye mchanga na kuwaangalia kina mama kwenye mashamba yao ya mwani, ambayo kwa watoto ni darasa tosha, wanaona kamba zimefungwa kwenye vijiti, vitawi vinaning'inia, na mama wa watu yumo majini mpaka magotini anavuna. Wiki ya maji mafu kinyume chake, maji yapo asubuhi tena hayaendi mbali sana. Nungwi na Kendwa huko huna haja ya hesabu hizi, maji yapo karibu wakati wote, na kwa kuwa kusi inatoka kusini mashariki upande wa Kendwa bahari imetulia wakati Paje upepo unakupeperusha kanga. Mtoto asiyejua kuogelea mpeleke Kendwa.

Jiko. Njia nyepesi kuliko zote. Asubuhi mnanunua boflo na maharage kijijini, mchana mnapika wali na samaki mliyemnunua kwa wavuvi wenyewe, usiku mnakula nje siku mbili tatu. Ndoo moja yenye barafu nyuma ya gari inatosha.

Pesa. Wiki nzima ni kama kilomita 350 mpaka 400 pamoja na mizunguko midogo, Noah ikila lita moja kwa kilomita kumi ni lita 40 hivi za mafuta. Kinachokula pesa ni vyumba, maana Julai ndio wageni wamejaa na bei za pwani zinapanda, kwahiyo ulizia nyumba za ndani ya kijiji, dakika tano kwa miguu kutoka baharini, na zungumza Kiswahili kwenye simu tangu salamu ya kwanza. Kama safari yenu inaangukia katikati ya Julai kwenye sherehe za Mwaka Kogwa wa Makunduchi weka chumba cha huko kusini mapema, siku zile watu wanarudi kwao kutoka kila mahali. Na gari kabla hujalichukua fungua mwenyewe buti uone spea na jeki. Sisi tulipewa gari na mtu mmoja mjini, spea haina upepo, tumekuja kujua saa 2 usiku njiani kutoka Michamvi na watoto wamelala.

Inamfaa nani. Familia yenye mtoto mchanga, mgonjwa wa sukari anaetaka awe karibu na hospitali, au baba ambae hana uhakika kama hataitwa kazini. Popote mlipo mko saa moja na nusu kutoka nyumbani. Kwa wengine huko ndiko kunakoleta tabu, simu ikilia mtu anasema narudi mjini mara moja, na akirudi hakuwa likizo tena.

2. Kuvuka Pemba, nyumba moja

Njia. Naanza na njia kwa sababu Pemba njia ndio uamuzi. Kuna ndege ndogo, nusu saa mko Chake Chake, ghali kwa watu saba. Kuna boti za kasi, ulizia siku zake, na kuna meli zinazobeba magari ambazo ni za polepole zaidi lakini hazirushwi na mawimbi kama boti. Mkishaipita Nungwi mnaingia kwenye mkondo, na kwenye kusi pale bahari haina mchezo. Sisi watu wa visiwa hivi hatujausahau usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander hapo hapo mbele ya Nungwi, wala tarehe 18 Julai 2012 ilipozama MV Skagit karibu na Chumbe, kila mtu alimpoteza mtu au anamjua aliempoteza. Sisemi kumtisha mtu, nasema kwa sababu tunapanda na watoto. Panda mchana. Fika mapema uchague pa kukaa, katikati na chini ndio kunakocheza kidogo. Laifu jaketi zijue ziko wapi na muulize baharia za watoto ziko ngapi. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi shuka, tiketi itanunuliwa nyengine.

Mwanangu wa tatu alitapika mkondo wote. Kilichomsaidia ni kula kidogo kabla, mkate mkavu na chai ya tangawizi, ndimu iliyokatwa ya kunusa, na kuangalia mbali badala ya simu. Mifuko bebeni mingi, na nguo za kubadilisha ziwe mkononi zisiwe kwenye begi lililopangwa chini ya mabegi mengine.

Usiku na choo. Hapa ndipo Pemba inapozishinda zile mbili, kwangu mie. Unapanga nyumba moja, Wete au Chake, unafungua mabegi mara moja tu mpaka siku ya kuondoka. Mama yangu alipata kitanda chake, sehemu yake ya kusalia na baraza ya kukaa jioni. Siku ya pili tu jirani alishapiga hodi na sahani ya muhogo wa nazi, wakakaa wakaanza kutafutana koo, "kwenu wapi, wa nani," mpaka ikapatikana shangazi mmoja wa ndoa wa kuunganisha. Wiki nzima bibi hakuulizia kurudi.

Kutoka hapo kila siku mnakwenda mnarudi. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, vilima juu na chini, barabara inapinda baina ya mikarafuu na migomba. Siku moja Ngezi, msitu mkubwa wenye miti mirefu kabisa, muombeni mlinzi awaoneshe popo wa Pemba, wale wakubwa ambao na wao hawapatikani pengine, mchana wamening'inia kama matunda. Mkitoka hapo mnateremkia Vumawimbi, mchanga mweupe na mara nyingi hamna mtu zaidi ya wavuvi, ila bebeni maji na chakula. Siku moja kisiwa cha Misali, mnaondokea Wesha kwa mashua yenye mashine, matumbawe yako karibu na ufukwe hata mtoto mwenye miwani ya kuogelea anaona samaki, na kwa kuwa iko upande wa magharibi kusi haikupigi vibaya. Siku moja Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, na asubuhi moja amkeni mapema mwende Tumbe kwenye mnada wa samaki. Siku zilizobaki msipange kitu. Kama ni mwaka wa karafuu nyingi, Julai mtaanza kukuta majamvi yameanikwa kando ya barabara na harufu inaingia mpaka ndani ya gari. Mtoto wangu mdogo mpaka leo akinusa karafuu kwenye pilau anasema "Pemba."

Jiko. Jiko la nyumba, vyombo vipo, sokoni Chake vitu vyote. Ila mikahawa ya kula usiku ni michache kuliko Unguja, kwahiyo kupika kupo. Sisi tulikubaliana na mwenye nyumba atupatie mama mmoja wa kusaidia kupika mchana, tukamlipa vizuri, na mapishi yake ya pweza nimeyachukua. Mkirudi msisahau halua ya Wete.

Pesa. Nauli za watu saba kwenda na kurudi ndio mzigo, pamoja na gari la kukodi kule siku nne tano. Nyumba yenyewe ni nafuu kuliko ya pwani ya Unguja. Mwisho wa hesabu kwetu sisi zilikaribiana, tofauti haikuwa kubwa ya kuamulia.

Inamfaa nani. Nyumba yenye mzee, yenye watoto wa umri mbalimbali, na yenye watu waliochoka. Haimfai anaelevywa na bahari vibaya mno, wala vijana wakubwa wanaotaka pilikapilika kila usiku, maana Pemba saa 3 usiku watu wameshalala.

3. Bara, tenti juu ya gari

Hii ndio inayofanana na ile video. Gari refu la safari, Land Cruiser au Land Rover, juu ya paa kuna tenti inafunguka kama kitabu na ngazi yake, nyuma kuna jiko la gesi, meza, viti na matangi ya maji.

Njia. Boti mpaka Dar, saa mbili hivi. Gari lako lenye namba ya Z usifikirie kulivusha kwa wiki moja, lina makaratasi yake ya forodha, kodi kule kule. Sisi tulipanda treni ya SGR ambayo imeanza 2024, chini ya saa mbili tuko Morogoro, dereva akatupokea stesheni, tukaikwepa foleni yote ya kutokea Dar, na watoto treni peke yake waliihesabu safari. Kutoka Morogoro mpaka Mikumi ni kama kilomita 120 na barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, yani twiga unamuona kabla hujafika getini. Baada ya Mikumi tukaenda Mang'ula, kama kilomita 60, ndio mlango wa Udzungwa, kuna maporomoko ya Sanje ya mita 170 na wakubwa walipanda, mie na mama na wadogo tukabaki chini.

Usiku na choo. Tenti moja ya juu inalaza wawili, watatu wakibanana. Watu saba ni magari mawili au tenti za chini. Mama aliitazama ile ngazi, akashika kipandio cha kwanza, akanigeukia, "Mwanangu, mie hii siipandi, na nikipanda usiku sishuki." Ikabidi yeye na mjukuu mmoja tuwapangie chumba mjini Mikumi, na familia ikagawika, mchana pamoja usiku mbali. Waliolala juu walifurahi mno, usiku unasikia fisi, asubuhi jua linatoka uwanda wote wa njano. Lakini choo kiko ng'ambo ya kambi, na ndani ya hifadhi usiku hushuki peke yako gizani, kwahiyo watoto wawe na kopo lao lenye mfuniko ndani ya tenti na tochi kichwani. Tenti ifunguliwe na kukaguliwa kabla hamjaipokea. Tuliyopewa sisi, kwa kampuni ambayo siitaji, zipu yake ilikuwa haifungi mpaka chini, tukaishona usiku kwa sindano ya mabuibui.

Mbu nae ni muhimu. Huku kwetu malaria imepungua sana, bonde la Kilombero bado ipo, kwahiyo chandarua, dawa ya kupaka, na ukirudi mtoto akipata homa hata baada ya wiki mbili tatu mpeleke akapimwe na umwambie daktari mlikuwa Morogoro. Na mbung'o wanapenda rangi nyeusi na ya buluu iliyoiva, vaeni za kaki na za mchanga.

Jiko. Mnapika wenyewe, nje, kila siku. Watoto wakubwa walipewa zamu na walizishika vizuri kuliko nyumbani. Nyama na mboga mnunue Morogoro mjini, mbele hupati kila kitu.

Pesa. Ndio ghali kuliko zote kwa sababu ya gari, linakodiwa kwa siku na linakula, ukitokea nalo Dar ni karibu kilomita 900 kwenda na kurudi pamoja na kuzunguka hifadhini, kwa kilomita saba kwa lita ni zaidi ya lita 120. Kiingilio cha hifadhi Mtanzania analipa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko cha mgeni, kwahiyo vitambulisho vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe kwenye begi la mkononi.

Inamfaa nani. Familia ya watu wanne au watano, watoto wa kuanzia miaka saba nane, wazazi wenye afya wasioogopa vumbi. Watoto ambao hawajawahi kuona tembo, kwa kweli nyuso zao siku ile sitaki mtu azikose kama ana uwezo.

Sasa wewe uko wapi

Mtoto chini ya miaka miwili au mtu anaehitaji dawa na hospitali ya karibu: Unguja, sehemu mbili za kulala, anza Kendwa.

Bibi au babu yumo: Pemba, isipokuwa kama bahari inamuumiza, hapo bakini Unguja mpange nyumba moja Jambiani wiki nzima, badala ya kuzunguka.

Watoto wakubwa tupu na mfuko si mbaya: bara, na mjipe siku moja kamili ya kupumzika Morogoro kabla ya kurudi boti.

Pesa ni kidogo mwaka huu: Unguja siku nne tu, Jumatatu mpaka Alhamisi, nyumba ya ndani ya kijiji, na pikiniki kama ile ya kuvunja jungu kabla ya Ramadhani, mkeka, sufuria la biriani limepikwa nyumbani, mkae mpaka maji yajae.

Mama ndie aliechoka: popote, ila na mpishi wa mchana au zamu zilizoandikwa kwenye karatasi kabla ya safari. Ile karatasi yetu ya Pemba nimeibandika kwenye friji mpaka leo, Jumatano imeandikwa "Baba, vitumbua," na vilipikwa.